Utamwona simba na utamwona mtu: jibu kwa mwalimu anayekwenda kutazama The Lion King jukwaani

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Mwezi ujao nakwenda London kumtembelea binti yangu, na mjukuu wangu wa miaka saba amenishikilia twende tukatazame The Lion King, si kwenye sinema bali jukwaani. Filamu yake ya katuni niliiona zamani pamoja na wanafunzi wangu, nikaipenda. Sasa najiuliza, mtu aliyekwisha kuiona filamu atapata jambo gani jipya kwa watu waliojivika ngozi za wanyama? Na hicho Kiswahili kinachotajwatajwa, ni chetu kweli? Naomba unielekeze, nisije nikawa mbumbumbu mbele ya mtoto.

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Nianze na hizo ngozi, kwa kuwa ndizo zilizokutia mashaka. Hutaziona. Katika onyesho zima hakuna mwigizaji anayejifunika manyoya gubigubi akatambaa kwa mikono na magoti ili tumdhanie simba. Utamwona simba, na papo hapo utamwona mtu aliyembeba simba huyo juu ya kichwa chake, uso wake ukiwa wazi na jasho likimtiririka. Uamuzi huo mmoja ndio uliolizaa onyesho hili, na mtu aliyeuelewa kabla ya taa kuzimwa hatapoteza hata dakika moja akishangaa kwa nini twiga ana miguu ya binadamu.

Historia yake naweza kukupa kwa ufupi. Filamu ilitoka mwaka 1994 na urefu wake ni dakika 88 tu. Kampuni ya Disney ilipotaka kuipeleka jukwaani, njia rahisi ingekuwa kuwavika waigizaji maleba yanayofanana na katuni na kuwaimbisha nyimbo zilezile tano ambazo watoto walikuwa wamekwisha kuzikariri. Badala yake kazi alikabidhiwa Julie Taymor, mwongozaji Mmarekani ambaye katika miaka ya 1970 aliishi Indonesia kwa takriban miaka minne, akijifunza na kutengeneza maonyesho ya vinyago na vikaragosi. Onyesho lilionekana kwa mara ya kwanza katika mji wa Minneapolis mwezi Julai 1997, likafunguliwa rasmi Broadway, mtaa wa kumbi za tamthilia jijini New York, tarehe 13 Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1998 likanyakua Tuzo za Tony sita, zile tuzo kuu za tamthilia za Marekani, ikiwemo ile ya tamthilia bora ya muziki. Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Tony kwa kuongoza tamthilia ya muziki. London walilipokea mwezi Oktoba 1999 katika ukumbi wa Lyceum, na hadi leo halijatoka hapo. Duniani kote limekwisha kutazamwa na watu zaidi ya milioni 100.

Kisa chenyewe unakijua: mtoto wa mfalme, ami mwenye husuda, kifo cha baba, uhamishoni, na kurudi nyumbani. Wazungu hupenda kukifananisha na Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, nao hawajakosea sana. Mimi huwa nakumbuka zaidi ngano zetu, kwa sababu humu fisi ni walafi na wapumbavu vilevile kama tulivyosimuliwa na bibi zetu, ingawa kuna pengo moja ambalo msikilizaji wa Kiswahili analiona mara moja. Sungura hayumo. Katika ngano zetu simba mwenye nguvu nyingi hupatikana kwa hila za mnyama mdogo, na hapa hila zote wamepewa simba wenyewe.

Sasa nirudi kwa mtu na mnyama wake, maana hapo ndipo penye utamu. Taymor mwenyewe huliita jambo hili tukio maradufu: mtazamaji anamwona mnyama na anamwona mwanadamu anayemfanya mnyama huyo aishi, wala haambiwi achague mmoja. Ili uone jinsi wazo hilo lilivyo la kijasiri, lilinganishe na mapiko ya Wamakonde. Mchezaji wa mapiko hufunikwa mwili mzima kwa nguo, lipiko likamkaa kichwani, na nguvu yote ya ngoma ile imo katika siri. Wanawake na watoto wasiopitia jando hawakutakiwa kujua kwamba ndani yumo fulani wa nyumba ya pili. Onyesho hili linapita njia ya kinyume kabisa. Siri imewekwa hadharani tangu mwanzo, kamba zinaonekana, fimbo zinaonekana, mikono inaonekana, na bado baada ya dakika chache jicho lako linaanza kuamini. Kwa nini? Kwa sababu kazi ya kuamini umeachiwa wewe. Ukisema “hadithi hadithi” na watoto wakaitika “hadithi njoo”, huhitaji kuwaletea fisi darasani. Unapindisha midomo na kukokota mguu mmoja, basi fisi amefika. Taymor amefanya jambo hilohilo kwa fedha nyingi na mafundi wengi.

Mtazame Mufasa, yule mfalme, baba yake Simba. Kinyago chake hakikai usoni bali juu ya paji la uso, kimezungukwa na manyoya ya shingo yaliyopangwa kama duara la jua. Wakati anapozungumza na mwanawe kwa upole, kinyago kinabaki juu na unaona uso wa baba. Anapokasirika anainama, na kwa mtambo mdogo anaouendesha kwa mkono uliofichwa, kinyago kinashuka mbele ya macho yake, na ghafla yule baba hayupo, yupo mfalme. Ndugu yake Scar ana mtambo kama huo, lakini kinyago chake kimepindapinda, mifupa imechongoka, hakuna duara wala ulinganifu, kwa hiyo hata kabla hajafungua kinywa umekwisha kujua kuwa ndani ya mtu huyu kuna kitu kilichokaa upande. Vinyago hivi Taymor alivisanifu pamoja na Michael Curry, na ingawa vinaonekana kama vimechongwa kwa mpingo, vimetengenezwa kwa malighafi nyepesi ya kaboni ili mwigizaji aweze kuruka navyo na kuimba. Katika ugomvi wa ndugu hawa wawili, ukiacha maneno na ukafuata vinyago tu, namna kimoja kinavyoshuka na kingine kinavyorudi nyuma, utakuwa umeielewa siasa yote ya ukoo ule.

Unaniuliza utapata nini kipya. Dakika kumi za mwanzo pekee zinatosha kuwa jibu, na hapa naomba nikae kidogo. Rafiki, mganga wa kisa hiki, anatokea peke yake na kupaza mwito, naye anaitikiwa na waimbaji walio pembeni mwa ukumbi, mmoja huku na mwingine kule, hivi kwamba sauti zinapita juu ya kichwa chako. Nyuma yake jua linachomoza, nalo ni duara kubwa la vipande vya kitambaa vinavyotetemeka kama ile hewa ya moto tunayoiona juu ya lami saa saba mchana. Kisha wanaingia wanyama. Twiga ni mtu aliyepanda mironjo minne, miwili miguuni na miwili mikononi, shingo ikiwa imepandishwa kichwani kama kofia ndefu, na anatembea kwa madaha kwa sababu akiharakisha ataanguka. Madaha hayo ndiyo twiga mwenyewe. Swala wamefungwa juu ya kifaa cha magurudumu kinachosukumwa na mtu mmoja, na kila magurudumu yanapozunguka swala wanainuka na kushuka, wanainuka na kushuka, hadi unasahau kwamba ulichokiona ni kitu chenye asili ya baiskeli. Duma yuko mbele ya kiuno cha mchezaji wake, kichwa cha duma kimeunganishwa kwa uzi na kichwa cha mchezaji, kwa hiyo mwanamke yule anapogeuza shingo duma naye anageuka, na kuna wakati anasimama, anainua mguu, anaulamba kama paka wa nyumbani, kana kwamba watu wote ukumbini si kitu kwake. Mara ya kwanza nilipoliona tendo hilo nilicheka, kisha nikashangaa kuona macho yamelowa. Sikuwa mtoto wakati huo.

Baadaye katika onyesho kuna mambo matatu ambayo mtu asiyeyategea anaweza kuyapita. La kwanza ni ule mbio wa nyumbu unaomuua Mufasa. Filamu iliwachora nyumbu mamia kwa msaada wa kompyuta. Jukwaani hakuna nafasi hiyo, hivyo bonde limegawanywa kwa tabaka. Mbali kabisa kuna kitambaa kilichochorwa nyumbu wadogo kinachozunguka kwenye mhimili, mbele yake kuna nyumbu wakubwa zaidi wanaozunguka vilevile, na mwisho kabisa wanatokea wachezaji wenye vinyago vya nyumbu, wakikanyaga sakafu kwa nguvu, kila safu ikiwa kubwa kuliko ile iliyo nyuma yake, mpaka kundi linaonekana kukukimbilia wewe. La pili ni ukame. Kisima cha maji ni duara la hariri lililotandazwa sakafuni, na linavutwa taratibu kupitia tundu la katikati, likipungua, likipungua, hadi panabaki pakavu. Hakuna anayesema neno. La tatu ni maombolezo. Simba majike wanaomlilia Mufasa wanachomoa utepe mweupe kutoka machoni mwa vinyago vyao, na utepe unazidi kurefuka mikononi mwao. Hilo ni chozi, na nimeona maonyesho mengi yenye mashine za gharama kubwa ambayo hayajawahi kulipata chozi kama hilo.

Mjukuu wako akikua atasikia pia habari za Cats, tamthilia nyingine mashuhuri ya wanyama, iliyoanza London mwaka 1981. Kule waigizaji wamepakwa rangi usoni na kuvikwa nguo za kubana, na kazi yao ni kumshawishi mtazamaji kwamba wamekuwa paka, kwa mwendo na kwa kunyoosha migongo. Ina wapenzi wake, na wachezaji wake ni hodari mno. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, nitakuwa upande wa duma mwenye uzi.

Niingie kwenye swali lako la pili, la Kiswahili, ambalo naona ndilo lililokukaa moyoni. Kiswahili kimo, ni chetu, lakini kimo zaidi katika majina kuliko katika nyimbo. Simba ni simba na Rafiki ni rafiki, hapo hatuna ugomvi. Sarabi, mama yake Simba, amepewa neno lililotoka Kiarabu ambalo sisi hulitumia kwa mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana jangwani, na sijui mama yule alikosea nini hata akapewa jina la kitu kisichokuwepo. Pumbaa ni kupumbaa, nalo limemkaa vizuri ngiri yule mwenye moyo mwema na akili za polepole. Sharti nikuonye tu kwamba waigizaji wengi hawaivuti ile “a” ya mwisho, wanasema Pumba, nawe utajikuta unafikiria pumba za mahindi tunazolishia kuku. Shenzi ni jina la fisi jike anayewaongoza wenzake, na hapo utashtuka kidogo. Neno hilo kwetu ni tusi, tena lina historia, maana walilitumia walowezi kuwaitia watumishi na wapagazi wao, na kulisikia likitamkwa kwa furaha mbele ya watu 2,000 si jambo jepesi kwa masikio yetu. Banzai, jina la fisi mwenzake, ni ukelele wa Kijapani. Mufasa si neno la Kiswahili, wala usihangaike kulitafuta kwenye kamusi, hata kama mtu atakuapia kwamba maana yake ni mfalme. Na Nala, simba jike rafiki wa Simba, ambaye mitandaoni wanadai jina lake ni “zawadi” kwa Kiswahili, si zawadi. Zawadi ni zawadi na tunu ni tunu.

Kisha ule usemi wenyewe, hakuna matata. Mjukuu wako atauimba, na huenda atakuuliza kama watu wa Tanga husema hivyo. Mweleze ukweli: ni Kiswahili sanifu kisicho na kosa, lakini mtu wa Tanga, ukimkanyaga mguu kwa bahati mbaya na ukamwomba radhi, atakujibu “hamna shida” au “usijali”. Matata ni mambo yaliyotatizika, nyuzi zilizosokotana. Usemi huo ulizoeleka zaidi katika mahoteli ya pwani ya Kenya, na ulikwisha kusambaa duniani kwa wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms mwaka 1982, miaka 12 kabla ya ile filamu. Hilo lina uzito wake, kwa kuwa Disney waliusajili usemi huo Marekani mwaka 2003 kama alama ya biashara kwa ajili ya mavazi, na mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini ombi la kupinga usajili huo. Kisheria alama ya biashara haimzuii mtu kusema neno, lakini hasira ile niliielewa, na bado naielewa.

Lugha inayobeba onyesho, hata hivyo, si Kiswahili bali ni lugha za kusini mwa Afrika, na Kizulu zaidi ya zote. Ule mwito wa kwanza wa Rafiki unaanza na Nants' ingonyama bagithi baba, yaani “huyu hapa simba anakuja, baba”. Sikiliza neno la mwisho, halihitaji mkalimani. Kwa Kizulu simba wa porini huitwa pia ibhubesi, lakini ingonyama ni neno la heshima ambalo mfalme wa Wazulu mwenyewe huitwa kwalo, kwa hiyo mstari huo unamtangaza mnyama na mfalme kwa pumzi moja. Watungaji hawakuhitaji kuueleza ule uwili wa mtu na simba kwa Kiingereza; ulikuwa umelala tayari ndani ya neno. Utasikia pia siyonqoba, tutashinda, na mamela, sikiliza. Ukitega sikio kama mwalimu wa lugha, utazikuta jamaa zetu nyingi za Kibantu zikipita mbele yako zimevaa nguo nyingine.

Aliyezileta sauti hizo ni Lebo M, mwanamuziki mzaliwa wa Soweto aliyeondoka Afrika Kusini akiwa kijana katika miaka ya ubaguzi wa rangi na kuishi Marekani. Alishirikiana na mtunzi Hans Zimmer katika muziki wa filamu, na mwaka 1995 ikatoka albamu ya nyimbo zilizochochewa na kazi ile, Rhythm of the Pride Lands. Taymor alipokuwa akitafuta muziki wa kulijaza jukwaa, kwa sababu nyimbo tano za Elton John na Tim Rice zisingetosha onyesho la saa mbili na nusu, alichota humo. Kwa hiyo onyesho lina pande mbili za muziki, nyimbo za pop ambazo mtoto anazijua na kwaya za Kiafrika ambazo hakuzitarajia, na kwa maoni yangu zile za pili ndizo zinazomrudisha mtu ukumbini mara ya pili. Aliyebuni hatua za wachezaji, Garth Fagan, ni mzaliwa wa Jamaica. Na tangu mwanzo kila kundi linalocheza onyesho hili, liwe Tokyo, Hamburg au London, limekuwa na waimbaji kutoka Afrika Kusini, kwa kuwa kwaya ile haiwezi kufundishwa kwa nota peke yake.

Wimbo mmoja naomba uutegee kwa namna ya pekee, nao ni Shadowland, katika nusu ya pili. Nchi imekauka, fisi wamemaliza mawindo, na Scar, ambaye sasa ni mfalme asiye na malkia, amemtaka Nala kwa nguvu. Nala anaamua kuondoka kutafuta msaada. Katika filamu safari hiyo haionyeshwi. Binti anatokea tu msituni akimkimbiza ngiri. Jukwaani anaaga. Majike wenzake wanamzunguka, Rafiki anambariki, na kwaya inaimba kwa Kitswana kwamba nchi yetu ni takatifu, fatshe leso lea halalela. Wimbo ambao mmoja wa waandishi wake, Lebo M, aliishi uhamishoni, unaimbwa na watu waliosafiri mbali na kwao, mbele ya hadhira ambayo ndani yake, Mwalimu, utakuwepo wewe na binti yako aliyehamia London. Chukua kitambaa cha mkononi.

Rafiki naye amebadilishwa, na mabadiliko hayo nayaunga mkono bila kusita. Katika filamu ni nyani mzee wa kiume anayepayuka “asante sana, squash banana, wewe nugu, mimi hapana”, mashairi ya watoto wanapocheza uani. Taymor aliona kisa hakina mwanamke mwenye uzito, akamfanya Rafiki kuwa mwanamke, mganga kwa mfano wa sangoma wa Afrika Kusini, anayechekesha, anayeomboleza, na anayeongea maneno yenye zile sauti za kupiga ulimi bila kujali kama hadhira ya Waingereza inafuata. Yeye ndiye anayefungua onyesho, na ndiye anayempeleka Simba kwenye maji ajitazame. Hapo uso wa Mufasa unajengeka gizani kutokana na vipande vilivyotawanyika, vinavyobebwa na watu na kusogezwa hadi vikakutana. Sura hiyo hudumu muda mfupi tu, kwa hiyo usiiname kumtafutia mtoto peremende.

Nisije nikaonekana nimelewa mapenzi, yapo yasiyonifurahisha. Afrika ya onyesho hili haina anwani. Waliochora filamu walitembelea Hell's Gate karibu na Naivasha, majina ni ya pwani yetu, kwaya ni ya Durban na Johannesburg, Timon, mchekeshaji rafiki wa Pumbaa, ni aina ya nguchiro asiyepatikana kabisa Afrika Mashariki, na Rafiki wa filamu ana uso wa rangirangi wa nyani wa misitu ya Gabon na Kameruni. Zazu, mtumishi wa mfalme ambaye ni hondohondo, angeweza kukutwa Serengeti bila kuulizwa kitambulisho. Vilevile sehemu ya kwanza ya nusu ya pili, Scar anapoanza kuchanganyikiwa, huwa naiona ndefu, na utani wa Timon umelenga watu waliokulia kwenye televisheni ya Kimarekani. Mjukuu wako atacheka, nawe utapata nafasi ya kupumzisha macho. Ukichoka, mtazame mwigizaji wa Timon badala ya Timon: amevaa kijani kutoka kichwani hadi miguuni ili apotee ndani ya msitu, na kikaragosi kimefungwa mbele yake hadi miguuni, hivi kwamba hatua yake ni hatua ya mnyama. Baada ya muda atapotea kweli, na utashtuka akipiga chafya.

Kuhusu mtoto wa miaka saba, anafaa. Waandaaji wenyewe hupendekeza kuanzia miaka sita. Mtayarishe tu kwa mambo mawili, makaburi ya tembo wanakotokea fisi, ambako kuna giza na kelele, na kifo cha Mufasa, ambacho mbele ya macho kinauma kuliko katika katuni. Pamoja na mapumziko onyesho linachukua kama saa mbili na nusu. Lyceum upo mtaa wa Wellington, karibu na Covent Garden, nao ni ukumbi wa zamani ambao katika karne ya 19 meneja wake alikuwa Bram Stoker, yule aliyeandika Dracula, jambo ambalo binti yako anaweza kulifurahia zaidi kuliko mjukuu. Ukikaa mstari wa mbele wa roshani ya kwanza utaona michoro ya ngoma yote kwa ukamilifu, hasa pale wachezaji wanapobeba nyasi vichwani na mbuga nzima inapoanza kutembea. Ukikaa chini, omba viti vya pembeni mwa njia inayopita katikati ya watazamaji. Kwa kuwa una mtoto, mimi ningechagua chini, na nitakueleza sababu.

Fikeni mapema, angalau nusu saa kabla, kwa sababu anayechelewa huzuiliwa mlangoni mpaka pafike nafasi ya kuingia, na atakuwa ameukosa wimbo wa kwanza. Mkishaketi, mwonyeshe mjukuu wapiga ngoma wawili waliopangwa mmoja kila upande wa jukwaa, juu, mahali ambapo zamani walikaa matajiri. Taa zikizimwa na Rafiki akianza kuita, kila mtu atakuwa anatazama mbele. Wewe mguse bega mtoto, umwambie ageuke nyuma: tembo, mwenye mtu mmoja katika kila mguu, anapitia njia ileile mliyoingilia ninyi.